Nazi za Mirihi

Kitabu changu kina roketi tano, mfalme mmoja dhalimu na vita ya maji iliyonichukua mwaka mzima kuiandika. Tangu kitoke, roketi hakuna anayeziuliza. Mfalme naye hana wa kumuulizia. Mimi naulizwa nazi.

Hadithi yenyewe inakwenda mwaka 2141, kwenye mji wa Waswahili uliojengwa sayari ya Mirihi, chini ya kuba la kioo. Mji nimeuita Tanga ya Pili, maana nimezaliwa Ngamiani na sioni kwa nini nijifiche. Sura ya kwanza inafunguka kwa watu kula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilijiona nimeanza vizuri. Shangazi yangu, ambaye husomewa na mjukuu wake kila baada ya isha, alimkatiza mtoto ukurasa wa tatu tu, akaagiza nipigiwe simu.

"Nazi hizo zinatoka wapi?"

Nikamwambia minazi imepandwa mle mle ndani ya kuba.

"Imepandwa lini?"

Hapo nikafungua kitabu changu mwenyewe kama mtu anayetafuta risiti. Watu wangu walikuwa na miaka miwili tu kule. Mnazi wetu wa asili, ule mrefu, huchukua miaka sita hata kumi ndipo uzae. Shangazi analo shamba la minazi tangu sijazaliwa, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia. Nikajaribu kumhamisha kwenye sayansi. Nikamweleza kwamba mvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 tu ya huu wa kwetu, kwa hiyo nazi ikichomoka kwenye mnazi wa mita 15 huku kwetu inafika chini haijatimiza sekunde mbili, lakini kule inakaribia tatu. Mtu anasikia kishindo cha kuchomoka, anatazama juu, anajivuta pembeni.

"Ehe," akasema. "Na hiyo ambayo haijazaa, inamdondokea nani?"

Usiku ule sikulala vizuri. Mwaka 1995 Katama Mkangi alimrusha mtu wake kwenye ulimwengu mwingine katika *Walenisi*, na mpaka leo sijasikia kwamba alipigiwa simu ya nazi.

Kesho yake nikaenda barazani kupata kahawa, nikidhani wanaume watanihurumia. Mzee mmoja wa pale hakuwa amesoma kitabu na wala hakuona kwamba hilo ni kikwazo. Akasema Waswahili na roketi ni wapi na wapi. Hilo nilikuwa nalo jibu, tena nimelitunza muda mrefu kama shati la Idi. Nikaweka kikombe chini. Nikawaambia kwamba tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inasherehekea uhuru wake, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano, San Marco, baharini karibu na Malindi, na kwa heshima ya siku ile ikapewa jina la Uhuru. Neno letu liko kwenye vitabu vya elimu ya anga dunia nzima! Nikangoja.

"Malindi," mzee akawageukia wenzake. "Mnaona? Hata roketi, Tanga tumerukwa."

Ustadhi aliyekuwa kimya muda wote ndiye aliyenimaliza. Alitaka kujua mwezi unaandamaje huko Mirihi. Nikajibu kwa kujiamini, kwa kuwa nilikuwa nimesoma: kuna miezi miwili, na mmoja, Phobos, huizunguka sayari kwa saa saba na dakika 39 hivi, kwa kasi kuliko sayari yenyewe inavyojizungusha, kwa hiyo unachomoza magharibi na kutua mashariki. Ustadhi akaweka tasbihi mapajani. Akahesabu kwa vidole. Kwa mwezi wa namna hiyo, akasema, mtu anafunga Ramadhani asubuhi na Idi inamkuta kabla ya jioni.

Fundi cherehani wa jirani, ambaye kwa kawaida hachangii mazungumzo, akainua kichwa. "Idi kila siku?" Akauliza nauli ya Mirihi ni kiasi gani.

Nilijaribu kurudisha heshima ya mkutano. Nikataja kwamba mwaka 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda anga za juu ndani ya Ramadhani, na wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo wa swala na funga kabla hajaondoka. Ustadhi akaridhika. Fundi hakuridhika, na alinisindikiza mpaka kwenye kona akiuliza kama kule vitambaa vinapatikana kwa jora.

Mengine nayapitia haraka. Mwuza chapati alisikia kwamba siku ya Mirihi inazidi ya kwetu kwa dakika karibu 40, akataka kujua hizo dakika mfanyakazi analipwa na nani. Mwenye nyumba wangu alisikia kwamba mwaka wa kule ni siku 687 za huku, akaondoka kimyakimya. Mtu anayetoza kodi kwa mwaka hasogei hivi hivi.

Lakini aliyenitia hasara ya kweli ni mwalimu mstaafu niliyekaa naye kwenye basi. Nilikuwa nakwenda Muheza kwenye hitima. Alinitambua kwa picha ya nyuma ya kitabu, na kitabu anacho, kwenye mkoba, kimepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Nikampa shikamoo yake. Aliitika, kisha akafungua sura ya nne, pale shujaa wangu anapompigia simu bibi yake Korogwe.

"Mawimbi ya redio yanatoka Mirihi mpaka huku kwa muda gani?"

"Inategemea sayari ziko wapi, Mwalimu. Dakika tatu hivi zikikaribiana. Zikiachana sana, 22."

"Na wewe umeandika wakati zimeachana. Umesema mwenyewe, ukurasa wa 61."

Akageuza tiketi yake, akaanza hesabu upande wa nyuma. Shikamoo kwenda, dakika 22. Marahaba kurudi, 22 nyingine. Hujambo, sijambo. Habari za huko, nzuri. Watoto, hawajambo. Kazi, tunashukuru. Hali ya hewa. Mguu wa bibi. Alipofika maswali saba na majibu yake, akapiga mstari chini kama anayefunga hesabu za duka: saa tano na dakika nane.

"Na kijana bado hajasema kilichomfanya apige," akasema. "Wewe umeyamaliza yote kwa mistari minne. Huyo bibi si wa Korogwe."

Nikasema pengine wafupishe salamu. Alinitazama kwa namna ambayo darasa zima la pili B waliwahi kuijua. Nikanyang'anya kalamu, nikaanza kutafuta njia, naye akaanza kunisahihisha, na tulipokuja kuinua vichwa konda alikuwa anaita Segera. Muheza tulikuwa tumeiacha nyuma zamani. Nilifika hitimani sinia zimeshaoshwa na kufunikwa, nikapewa chai.

Jioni nilimpigia Shangazi kumweleza masaibu ya safari. Hakunihurumia kwa pilau. Alitaka kuelewa hilo la dakika 22, akanifanya nilirudie mara mbili.

"Sasa hapo tabu iko wapi?" akasema. "Bibi si anajua ataulizwa nini? Atangulize majibu."

Nimeiandika upya sura ya nne namna hiyo, kwa ajili ya chapa ya pili. Ya nazi bado sijaipatia dawa.

Juzi asubuhi simu ikaita nikiwa sijanawa uso. Nikapokea, sijafungua hata mdomo.

"Marahaba, mwanangu. Sijambo. Watoto wazima, mguu umepata nafuu, mvua imenyesha kidogo, huyo jogoo tumeshamchinja. Ile pesa ya gesi, la, haijafika. Haya."

Akakata.