Koo za Simu na Miziro Yake: Ripoti Kutoka Kaunta za Karagwe na Kyerwa

Wanyambo wa Karagwe hawakusubiri chuo kikuu kiwafundishe uainishaji. Kila ukoo una muziro wake, yaani kitu ambacho watu wake hawakili au hawakigusi. Wahinda, ukoo uliotoa watawala wa Karagwe akiwamo Rumanyika, muziro wao ni nkende, yaani tumbili. Mgeni akifika, sura yake haikuambii kitu. Uliza anachojizuia nacho.

Ripoti hii inatumia kanuni hiyo kwa simu janja, kwa kuwa kanuni ya kutazama sura imefeli. Mtafiti aliegemea kaunta za Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, akateremka hadi Murongo mpakani, akiomba simu zilazwe kifudifudi na majina ya kampuni yazibwe. Wauzaji wenyewe walianza kubishana ipi ni ipi. Mama mmoja aliyekuja kununua aliuliza swali lililostahili kuwa kichwa cha tasnifu: "Mwanangu, hizi zote ni simu moja?" Kijana wa kaunta akajibu, "Hapana mama, hii ni ya mwaka huu." Mtafiti aliandika jibu hilo kwenye daftari chini ya kichwa *Nadharia*.

Ukoo wa kwanza ni Wenye Kisiwa. Chimbuko lake linajulikana. Novemba 2017 Apple ilianza kuuza iPhone X yenye pengo jeusi juu ya kioo, ndani yake mkiwa na vihisi vya kutambua uso. Mwaka uliofuata soko likajaa simu zenye pengo hilohilo, nyingi zikiwa hazina humo vihisi hivyo vya kutambua uso. Ni kama kujenga ghala kwa sababu jirani analo, ilhali kahawa huna. Septemba 2022 pengo likageuka kidonge kinachoelea, nacho Apple ikakiita kisiwa. Kwenye iPhone kidonge kinaficha matundu yaliyopo kweli. Kwa waigaji tundu ni moja dogo, na weusi unaolizunguka umechorwa na programu. Mwaka 2023 Realme ilitoa cha kwake, na mwishoni mwa mwaka huohuo Tecno ikaleta Spark 20 yenye kitu inachokiita bandari. Wilaya zetu hizi, ambazo meli haijawahi kufika, sasa zina visiwa na bandari mfukoni. Muziro wa ukoo huu ni kioo kitupu.

Ukoo wa pili, Macho Vipofu, hauhitaji maelezo marefu. Una duara tatu mgongoni zilizopangwa kama za iPhone ghali, lakini inayopiga picha ni moja. Nyingine ni taa, au pambo, au kamera dhaifu kiasi kwamba kuizima na kuiwasha ni mamoja. Muziro wake ni ukweli kuhusu idadi.

Ukoo wa tatu ndio uliomfanya mtafiti alale Nkwenda siku asiyokusudia, nao ni Wapunguzaji. Hawa hawaigi alichoongeza mwenzao. Wanaiga alichoondoa, na miziro yao ni ya kweli kabisa: tundu la spika za masikioni, chaja ndani ya boksi, betri inayochomoka.

Mwenendo wao una hatua tatu zisizobadilika: kucheka, kunyamaza, kuiga. Septemba 2016 Apple iliondoa tundu la spika za masikioni kwenye iPhone 7. Samsung, iliyokuwa imetoka kujisifu kuwa la kwake lipo, ililiondoa kwenye Note 10 Agosti 2019. Oktoba 2020 Apple ikauza iPhone 12 bila chaja. Samsung ikatania mtandaoni kwamba yake inakuja na chaja, kisha utani ule ukafutwa, na Januari 2021 Galaxy S21 ikaja bila chaja. Mambo yalikuwa hivyohivyo kwa betri. Galaxy S5 ya 2014 ilifunguliwa kwa ukucha, S6 ya 2015 ikafungwa kwa gundi na kunyimwa nafasi ya kadi ya kumbukumbu, kama iPhone. Na hizi ndizo kampuni zilizoshtakiana kwa kuigana! Agosti 2012 baraza la wazee wa mahakama huko California liliamua Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni 1, kesi ikaendelea kuburutwa hadi walipopatana Juni 2018. Miaka saba ya mawakili, ukihesabu tangu kesi ilipofunguliwa, kuhusu, pamoja na mengine, pembe za mstatili zilizoviringwa.

Mjini hasara hizi zina dawa ya kununua. Karagwe zina uzito mwingine. Redio ya FM ndani ya simu hutumia waya wa spika za masikioni kama antena. Ondoa tundu, na mara nyingi redio nayo imeondoka. Huko California hakuna aliyelia. Lakini wilaya hii ina Redio FADECO, redio ya jamii ambayo wakulima huifuata kwa habari za mazao, na mtu anayepalilia migomba hawezi kuteketeza bando kutwa nzima ili asikie kinachotangazwa kilomita chache kutoka shambani kwake. Kampuni iliyoziba tundu haikuwa na ugomvi na FADECO. Haikujua kama ipo. Ilikuwa inamtazama mshindani wake.

Betri ya gundi nayo humpeleka mwenye simu kwa fundi, ambaye atapasha mgongo moto na kuubandua kwa kadi ya plastiki, kioo kikiwa rehani. Zamani kazi hiyohiyo ulijifanyia mwenyewe ukisubiri boda.

Hapa sharti mtafiti aache kejeli kidogo, maana haki ni haki. Kampuni inayomiliki Tecno, Infinix na itel ni Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa na Zhu Zhaojiang mwaka 2006, na ilipoingia Afrika haikuja kuiga. Ilitazama watu. Iliona tunabeba laini mbili kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, ikauza simu za laini mbili. Iliona umeme ni wa kubahatisha, ikaweka betri za kudumu. Iliona picha zetu zinatoka vivuli vyenye meno, ikarekebisha kamera kwa ngozi nyeusi. Murongo, ambako mtandao wa Uganda hukukaribisha kabla hujavuka Mto Kagera, laini ya pili ni zana ya biashara. iPhone ilipata laini mbili mwaka 2018. Kwa hiyo anayedai kwamba wa bei nafuu huzaliwa mwigaji hajasoma historia. Kampuni hii ilijifunza kuiga baada ya kufanikiwa, na hilo ndilo linalowaudhi wateja wake wa zamani.

Ukoo wa nne ni Feki halisi, ule ulioandikwa jina la mwenzake kwa herufi moja pungufu. Usiku wa Juni 16, 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizizima kwenye mitandao ya Tanzania. Uamuzi mzuri, ila unaacha swali la kitaaluma: simu iliyoiba jina ilizimwa, iliyoiba sura yote ikabaki kaunta ikiwa na risiti.

Fedha inayolipia haya yote si ya mchezo. Wapo wanaonunua simu kwa malipo ya kahawa, wapo wanaonunua kwa butura, kahawa ikiwa bado ua mtini na bei yake imenyongwa na mlanguzi. Isitoshe, Kyerwa huchimba bati, na bati ndiyo malighafi kuu ya lehemu inayoshika vipande kwenye bodi ya simu. Kwa hiyo wilaya hii hutoa kitu ambacho simu haiwezi kukaa bila, kisha hununua kisiwa cha kuchora.

Unabaki ukoo wa tano, mdogo na wa kale: kitochi. Una tochi, redio, betri inayochomoka na chaji ya siku kadhaa. Hauna muziro wowote uliothibitishwa. Katika kaunta zote zilizochunguzwa, hakuna simu janja inayouiga.

Basi, watengenezaji wanaotafuta pa kuiga wafike Nkwenda. Wewe mnunuzi, kabla ya kutoa hela, bonyeza *#06# uione namba ya utambulisho na uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Fungua kamera, kisha ziba kila duara ya mgongoni kwa kidole, ukipitia kila aina ya picha ambayo simu inatoa. Ambayo ukiiziba picha haibadiliki katika aina yoyote, usiilipie. Chomeka waya, washa redio, utafute FADECO. Ikikosa, mrudishie kijana simu yake.