Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri, kuhusu cheti cha mwenendo mwema

Kasapa, Lubumbashi

Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa

Mheshimiwa,

Kwa heshima yote inayostahili cheo chako, naomba radhi kwa kukukatiza kazi za taifa.

Sisi wakaaji wa Kasapa tumebarikiwa: tuna chuo kikuu na tuna gereza kuu. Gereza halimdai mtu cheti cha mwenendo mwema mlangoni. Chuo kinadai. Kila mwaka vijana hupita na mafaili kwapani: nakala ya diploma ya serikali, matokeo ya shule, cheti cha kuzaliwa, cheti cha daktari, na kile ninachokistahi kuliko vyote, cheti cha komini kinachothibitisha kwamba mwenye nacho ni mtu mwema.

Naistaajabia karatasi hiyo. Kijana anaingia ofisini ambako hakuna anayemjua, anataja jina, analipa, muhuri unagongwa, na kwa muda usiotosha kusonga bukari uaminifu wake umethibitishwa. Mwizi na mtoto wa mchungaji hutoka na karatasi ile ile kwa bei ile ile. Usawa wa namna hiyo ni adimu nchini, sithubutu kuulalamikia. Wapo na madaktari wenye macho makali, wanaothibitisha afya ya mtu bila kumwona.

Ila kuna jambo dogo, Mheshimiwa, ambalo bila shaka limekuponyoka kwa wingi wa shughuli. Tangu 1967 tuna mtihani wa serikali, mmoja kwa nchi nzima, na kila mtahiniwa ana kodi yake, yaani namba yake ya mtihani. Asilimia aliyopata imeandikwa kwa wenzako wa wizara ya shule, humo humo Kinshasa. Matokeo yakitoka, watoto wetu humwagiwa poda kichwani. Poda huoshwa jioni. Diploma yenyewe yaweza kuchukua miaka kufika. Kwa hiyo aliyefaulu kwa jasho lake hana diploma ya kuonyesha, na mwenye rafiki mwenye printa anayo, tena inang'aa.

Nitaje Tanzania, ukiniruhusu. Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hawakunaswa kwa barua za tabia njema. Vyeti vyao vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, basi. Lakini walikuwa wamekwisha kuingia kazini, wakila mshahara.

Ombi langu ni fupi. Katika maagizo ya kitaaluma ya mwaka ujao, aparitora, yaani ofisi ya kuandikisha wanafunzi, iamriwe kulinganisha kodi ya kila mwombaji na daftari la mtihani kabla ya kupokea faranga yake ya kwanza, si siku ya kumvalisha joho. Na diploma zitoke mapema, ili mkweli naye awe na cha kushika mkononi.

Cheti cha mwenendo mwema kifutwe. Najua komini zitaumia, na mimi si adui wa mapato ya serikali. Basi wanafunzi waendelee kulipa kama zamani, ila wasipewe karatasi.

Wako mtiifu kupita kiasi,

Mzazi wa Kasapa