Simu Iliyosema Kweli Mbele ya Mawifi

Masikio bado yananiwaka, na si kwa moto wa tochi. Jana saa nne asubuhi, Sinza, jikoni kwa mteja, simu yangu ilimtukana mwenye nyumba mara tatu mfululizo, kwa sauti nzuri ya kike, huku mawifi zake wawili wakinywa chai sebuleni.

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya friji, mkono mmoja tochi ya gesi, mkono mwingine kijiti cha kuchomelea, bomba la shaba limeshaanza kuwa jekundu. Kazi hiyo haijui "subiri kidogo". Ukiondoa moto kabla kijiti hakijayeyuka na kuzunguka maungio yote, unaacha tundu ambalo jicho halilioni. Gesi inatoroka kimyakimya, na kesho au mwezi ujao wewe ndiye mwizi.

Mama mwenye nyumba akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni. "Fundi, wewe nikikupigia hupokei. Juzi nimepiga mara sita."

"Mtandao, mama," nikajibu. Mtandao haujawahi kuja kujitetea.

"Haya. Napiga sasa hivi, hapa hapa, tujue kama ni mtandao au ni wewe."

Akapiga.

Sasa, simu yangu nimeitega itaje jina la anayepiga. Siku nilipogundua mpangilio huo nilijiona mjanja kuliko mafundi wote wa Dar es Salaam: mikono imejaa masizi, simu iko mfukoni, lakini najua nani anaita na nani wa kuachwa aite. Tatizo ni kwamba yule dada aliyemo ndani ya simu hajui Kiswahili. Anasoma majina yetu kama mtalii aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo hiyo.

"Mama Fraiji Linanyuka Sinza," ikasema mfuko wangu wa kifuani.

Kimya. Hakuna aliyeelewa, nikamshukuru Mungu na elimu ya Kiingereza. Mikono sikuweza kuiachia. Ikarudia. Dada wa kazi alikuwa wa kwanza kung'amua. Alinyakua beseni tupu akakimbilia uani, na huko tukasikia anachekea ndani ya beseni. Mara ya tatu, wifi mkubwa, ambaye ningeapa amewahi kuwa mwalimu, akasahihisha matamshi kutoka kwenye kochi:

"Linanuka. Inasema friji linanuka."

Mkono wangu ukatetemeka. Kumbukeni hilo.

Naomba nijitetee. Mjini hapa nina wateja kumi na saba wanaoitwa Mama Asha. Jina halinisaidii kitu. Lakini friji silisahau. Nikiona "Baba Freza Inatetemeka" najua nyumba, najua geti, najua mbwa. Nina "Mzee Panya Kala Waya". Nina "Dada Mlango Haushiki". Nina "Usipokee Mpaka Mwisho wa Mwezi", ambaye ni muuza vipuri wa Kariakoo. Na Sinza niliiongeza mwishoni kwa sababu ninaye pia Mama Friji Linanuka wa Tabata, na hawa wawili hawapaswi kuchanganywa.

Kibaya zaidi ni kwamba lilikuwa jina la zamani. Ile harufu niliimaliza mwaka jana. Na wala haikuwa uchafu wake! Hapo ndipo nilipozima tochi, nikasimama, nikaanza kuwaeleza mawifi, maana jambo lenyewe ni zuri ajabu. Friji lisilogandisha barafu lina kipasha joto chake kilichofichwa nyuma ya ukuta wa ndani. Kila baada ya saa kadhaa kinawaka, kinayeyusha barafu kwenye mabomba ambayo wewe huyaoni. Maji yake yanateremka kwenye kitundu kidogo, yanapita kwenye mpira mpaka kwenye trei iliyo juu ya kompresa. Kompresa ikifanya kazi inapata moto, na moto huo huo, ambao ungepotea bure, unayakausha maji. Hakuna anayeyamwaga. Aliyebuni hili alikuwa na akili ya bibi yangu, ambaye maji ya kuoshea mchele aliyamwagia mchicha. Sasa jani moja la mchicha, au punje mbili za wali, zikiziba kile kitundu, maji yanatuama mahali ambapo kitambaa hakifiki. Mama wa watu anasugua, anaweka ndimu, anaweka magadi, anatupa samaki wasio na hatia, na bado linanuka. Linanuka kwa nyuma, nikasema, si kwa ndani. Linanuka hata kwa watu safi kabisa.

Kadiri nilivyomsafisha ndivyo nilivyozidi kumpaka. Wifi mdogo aliniambia baadaye, getini, kwamba nimelitaja neno lile mara kumi na moja. Alihesabu.

Nikarudi kwenye bomba, nikamalizia, nikajaza gesi, nikapokea hela bila kuihesabu, nikaondoka.

Njiani kwenye daladala aibu ikaanza kugeuka kuwa hasira, kwa sababu simu hupigwa pande mbili, na wa kuambiwa hana adabu ni fundi peke yake. Katika nchi hii mtu akija kuomba moto wa kuwashia jiko anauliza kwanza habari za watoto. Fundi hasalimiwi. Fundi anafunguliwa simu kwa "Uko wapi?" Saa tano usiku: "Fundi, uko wapi?" Nikiwa msibani: "Fundi, mbona hufiki?" Au nabipiwa, mlio mmoja, kisha kimya, niwapigie kwa vocha yangu waniambie friji lao linaumwa. Nami nikipiga, tabu inaanza na sentensi ile ile: "Njoo uongeze gesi."

Jamani, gesi haiishi. Friji si gari, wala si mtungi wa kupikia. Friji halitengenezi baridi hata kidogo. Linabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje. Ile gesi inayoitwa 134 inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na kila inapochemka inafyonza joto la nyama na maziwa yenu, kompresa inaikamua, inakwenda kulitapika kwenye mabomba ya nyuma, inarudi. Inazunguka hivyo miaka ishirini na haipungui hata tone kama hakuna tundu. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayekuongezea gesi kila baada ya miezi mitatu bila kutafuta tundu anakuuzia hewa, na ndiye huyo mnayemsifu kwamba hana maneno mengi kwenye simu.

Kisha kuna "njoo uangalie tu". Nimetoka Mbagala, daladala mbili, begi la vifaa begani, nimefika, nimeangalia: plagi imechomoka. Nimeichomeka. Friji likaunguruma, watoto wakashangilia. "Sasa nikulipe nini, fundi, kwani umetengeneza nini?" Daktari anakutazama ulimi tu na umeshalipa dirishani. Nauli ile sijasamehe mpaka leo, na sitasamehe.

Sisemi sisi ni malaika. "Niko njiani" yangu huwa naisema nikiwa nimevaa taulo.

Mwezi uliopita nilimwandikia mteja mpya ujumbe wa malipo, "Ile pesa tuma kwenye namba hii", akanifungia kama tapeli, na kwa kweli ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Kabla ya hapo niliwahi kumtumia mchungaji sauti iliyomhusu muuza vipuri.

Basi jana usiku nikakaa kitandani nikafuta majina yote ya magonjwa. Nikaandika watu kwa heshima zao: Mama Asha 1, Mama Asha 2, mpaka 17. Mzee wa panya nikamwita Mzee Mheshimiwa. Nililala saa saba, nikiwa na dhamiri nyeupe kama freza mpya.

Leo asubuhi saa moja na nusu simu ikaita. "Mama Asha Naini," akasema yule dada, vizuri kabisa.

Nikapokea mlio wa pili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Lile friji halipoozi."

Friji lipi? Nilijaribu kuiona nyumba, geti, mbwa. Giza tupu. "Samahani mama, nani mwenzangu?"

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao.

"Mimi Linanuka wa Sinza," akasema, akakata.

Tundu najua liko wapi. Nakwenda saa nane, kwa nauli yangu.