Maulidi ya Lamu Yaliyosomwa Blacktown

Kwa mujibu wa katalogi ya kwanza ya kanda za jumuiya, Maulidi ya Lamu yalisomwa Blacktown. Harusi ya Mji wa Kale, Mombasa, nayo ilifanyika Blacktown. Hata mashindano ya mashua yalikuwa huko huko, kwenye kitongoji cha magharibi ya Sydney ambako bahari huonekana kwenye kalenda tu.

Aliyeijaza katalogi hiyo ni binti wa Kimombasa, mmoja wa Waswahili wa maeneo hayo. Alikabidhiwa masanduku ya kanda za VHS kwa sababu aliwahi kufanya kazi maktaba, na pia kwa sababu siku ya kuteua mtu, wengine wote walikuwa wakitazama sakafu.

Haraka ilikuwepo kweli. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa waraka uitwao Deadline 2025, ukionya kwamba kanda za sumaku zisizogeuzwa kuwa faili za kidijitali kufikia mwaka 2025 huenda zisiokoke. Kanda zinachakaa, mashine za kuzichezea zinaadimika, na wanaojua kuzitengeneza wanazeeka. Binti akachagua kutumia PBCore, utaratibu wa metadata za video na sauti uliotolewa mwaka 2005 kwa ajili ya utangazaji wa umma wa Marekani. Nao ulijengwa juu ya Dublin Core, utaratibu mwingine wa metadata wenye vipengele 15, ulioanzia kwenye mkutano wa 1995 mjini Dublin. Dublin ya Ohio, si ile ya Ireland. Hata jina lenyewe lahitaji kisanduku cha mahali.

Ndipo Blacktown ilipoingia. PBCore ina kisanduku kinachouliza picha zinaonyesha wapi, na kingine kinachouliza nakala yenyewe imewekwa wapi. Binti aliona ni swali moja lililorudiwa, akajibu kote kote kwa adabu: Blacktown, rafu ya gereji.

Ukweli ni kwamba PBCore huzungumzia vitu viwili kwa pamoja: kazi yenyewe, na kila nakala ya kazi hiyo. Asiyelishika hilo atateseka, hasa kwenye tarehe. Harusi ni ya 1991. Kanda ilihamishiwa kwenye DVD mwaka 2004, kisha ikawa faili juzijuzi. Na pembeni mwa picha kamera inashikilia kuwa leo ni tarehe 1 Januari 1988, maana hakuna aliyewahi kuirekebisha saa yake. Tarehe ya harusi ni ya kazi. Za DVD na faili ni za nakala. Ile ya kamera ni ya kamera.

Mada na aina ya kazi zilimsumbua zaidi. Taarabu iandikwe wapi? Jibu alilipata kwa Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu. Filamu ya 2006 inayosimulia maisha yake, As Old As My Tongue, aina yake ni makala ya filamu, na taarabu ni mada. Lakini kanda inayomwonyesha jukwaani akiimba mwanzo hadi mwisho, hiyo aina yake ni onyesho la muziki. Swali likawa fupi: hii ni taarabu, au ni habari za taarabu? Kwa swali hilo alimaliza sanduku zima.

Kisha akafika kwenye majina. PBCore inamtenga mtengenezaji na mshiriki, na mtoaji kivyake. Kikao kiliitishwa, na sambusa zikaletwa.

"Mwanangu, kamera niliikodi mimi," alisema shangazi wa bwana harusi wa Mombasa. "Huyo mpiga picha bila mimi angepiga nini?"

"Shikamoo, shangazi. Lakini hapa wanamtaka aliyetengeneza."

"Marahaba. Basi niandike."

Kusema haki, shangazi hana kosa. PBCore ilibuniwa na watu wa vituo vya utangazaji, ambako mwelekezi ana mkataba na mpiga kamera ana mshahara. Harusi ya pwani haina mwelekezi, ina shangazi. Bahati nzuri kila jina huruhusiwa kuambatana na kazi aliyoifanya mtu. Mpiga picha akawa mtengenezaji, shangazi akawekwa kwa washiriki kama mfadhili, naye aliposikia kuwa anaandikwa na cheo chake, akaongeza sambusa.

Imebaki kanda moja. Inaanza kwa harusi ya hapo hapo Sydney, bibi harusi anashuka garini, vigelegele vinapaa, halafu ghafla Zidane anafunga kwa kichwa. Ni fainali ya Kombe la Dunia ya 1998, Ufaransa 3, Brazil 0, iliyochezwa Saint-Denis, karibu na Paris, usiku wa tarehe 12 Julai, saa ambazo Sydney ilikuwa alfajiri ya tarehe 13. Nakala moja, kazi mbili, na tarehe zisizopatana. Bwana harusi ndiye aliyebonyeza kitufe cha kurekodi. Anaomba jina lake liwekwe kwa washiriki. Mkewe anasema la, huyo ni mtengenezaji, na mbele ya cheo chake liandikwe alichokifanya, neno kwa neno, bila kufupisha.