Muhuri wa Njia Panda

Tangu Mwalimu Nyerere atoe Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zetu zimejitegemea kweli, hasa kwa majembe ya wanafunzi. Sasa umekuja mkondo wa amali, na mwanafunzi ataonjeshwa kazi. Vyema. Ila akipelekwa ofisini huonja nini? Kutoa kopi, kufuata chapati za bosi, kisha muhuri: “Amefanya vizuri.”

Na pale Mingoyo, barabara inapogawanyika kwenda Mtwara na Masasi, mwanafunzi yuleyule anauza samaki wa kukaanga kwenye dirisha la basi linaloondoka: bei, chenji, mbio, na abiria mwenye noti ya elfu kumi. Huko hakuna muhuri. Mwalimu wake akimkuta humwita mtoro, kisha huomba apunguziwe bei.