Adui Yuko Chini ya Kiti

Anayewasha gemu ya Nintendo Switch ndegeni hutazamwa na jirani yake kwa jicho la mtu aliyegundua kwamba amepangiwa kiti kando ya mchawi. Mtoto anakimbiza uyoga kwenye kioo, mzee wa pembeni anahesabu dhambi zake. Hofu hiyo ya kwamba gemu inaweza kuipotosha ndege haikuzuka hewani. Redio ndogo za FM za miaka ya 1960 zilikuwa na tabia mbaya: ukisikiliza stesheni ya megahezi 100, redio yenyewe ilitoa mawimbi hafifu kwenye 110.7, na masafa ya 108 hadi 118 ni ya mitambo inayomwonyesha rubani njia. Lakini Wi-Fi ya gemu huanzia gigahezi 2.4, mbali kabisa na hapo, na Oktoba 2013 mamlaka ya anga ya Marekani iliruhusu vifaa vidogo vitumike safari nzima, mradi shirika lihakikishe kwanza kwamba ndege zake zinavihimili. Utauliza: kama ni salama, mbona bado tunaambiwa tuweke hali ya ndege? Kwa sababu ndege hazifanani, na mhudumu hana muda wa kukagua mawimbi ya kila abiria mmoja mmoja. Mtii, gemu nyingi zinachezeka bila mtandao, na ukishindwa huna wa kumsingizia.

Wakati tunaviziana kwa ajili ya mawimbi, adui wa kweli amelala ndani ya kifaa: betri ya lithiamu. Kifaa kikiteleza kwenye upenyo wa kiti, mwenyewe hukilaza kiti, hukiinua, hukilaza tena, mithili ya anayekamua muwa, na vyuma vya chini vikaikandamiza betri. Betri iliyopondwa huweza kujipandisha joto yenyewe hadi ikawaka moto. Kizimamoto cha kawaida cha ndegeni huua miali bila kuipoza betri, ndiyo maana wahudumu humalizia kwa maji. Wapo watakaosema betri ya Switch ni ya saa-wati 16 tu, na kikomo cha kawaida ndegeni ni 100. Kweli, lakini kikomo hicho kinahusu betri nzima, hakikuihesabu iliyotafunwa na kiti. Hata betri za akiba na pawabenki haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini, kwa kuwa huko hakuna wa kuufikia moto haraka. Kwa hiyo ndugu msafiri, gemu ikidondoka usikiguse kiti. Mwite mhudumu, hata kama ulibakiza hatua moja tu kushinda.