Jinsi ya Kununua Matairi ya Pikapu Bila Kulala Njia ya Mashewa

Kwanza kabisa, toka dukani. Kama umeshaingia na muuzaji ameshakuita bosi mara mbili, mwambie unarudi, kisha uondoke. Tairi linaanza kuchaguliwa nyumbani, mbele ya gari lenyewe, ukiwa na kalamu na ukweli. Kalamu ni shilingi mia chache. Ukweli ndio ghali, maana kila mwenye pikapu ukimuuliza anabeba nini atakujibu "mizigo ya kawaida tu", na mizigo ya kawaida kwenye njia ya Korogwe, Magoma hadi Mashewa ni magunia ya mahindi, mifuko ya saruji, mbao, mbuzi wa mtu, na juu ya vyote hivyo abiria walioshikilia kamba. Siku nyingine ni mama mjamzito anayewahishwa Hospitali ya Magunga usiku. Andika vyote hivyo, maana hiyo ndiyo kazi unayolinunulia tairi.

Sasa piga hesabu. Tuseme umepakia magunia 10 ya kilo 100, basi una kilo 1,000. Tuseme tena kwamba gari likiwa tupu, ekseli ya nyuma inabeba kilo 900. Kwa kuwa karibu mzigo wote wa pikapu hukaa nyuma, matairi yako mawili ya nyuma yana kilo 1,900. Hapo bado uko salama. Lakini gunia la njia yetu lina tabia ya kuota kilemba. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka nenda rudi kuhusu lumbesa, na wanaosikia ni wachache. Gunia likifika kilo 130, magunia yako 10 ni kilo 1,300. Ongeza abiria 4 juu yake, kilo 280. Umefika 2,480, na bado utamsikia kondakta akisema nafasi ipo.

Shika namba hiyo, ndipo urudi dukani. Muuzaji atakuonyesha kashata za tairi. Atalipiga tairi teke, atasema, "Hii chuma, bosi." Mwache apige. Wewe chuchumaa usome ubavuni. Baada ya saizi utakuta namba ya uzito na herufi ya mwendo. Tairi lenye namba 112 linabeba kilo 1,120, kwa hiyo mawili yanabeba 2,240, na lumbesa yako imeshayazidi. Lenye 116 linabeba 1,250, yaani mawili 2,500: umepona kwa kilo 20, na kilo 20 ni mtoto mmoja aliyepakatwa. Lenye 121 linabeba 1,450, mawili 2,900. Ukiona namba mbili zimetenganishwa kwa mkwaju, kama 121/120, ya kwanza ndiyo yako. Ya pili ni ya magari yanayofungwa matairi pacha nyuma. Na usije ukanielewa vibaya: tairi la 121 haliongezi nguvu ya springi, ekseli wala breki. Kiwango cha gari kimeandikwa kwenye kibati chake, na tairi haliwezi kukipandisha. Linachofanya ni kuhakikisha kwamba kitu cha kwanza kushindwa si hicho pekee kinachogusa barabara.

Herufi ya mwendo isikusumbue. N ni kilomita 140 kwa saa, Q ni 160, S ni 180. Anayetafuta 180 kati ya Magoma na Mashewa ana tatizo ambalo duka la matairi haliwezi kulitatua.

Wapo wanaochagua tairi kwa sura. Wanataka pana, lenye herufi nyeupe, linalotokeza nje ya bodi mpaka watoto wageuke kutazama. Watoto watageuka kweli. Kisha masika yataingia, bonde la Lwengera litalowa, na tairi lile pana litaelea juu ya tope likizunguka bure, huku Land Cruiser ya mkonga yenye 7.50R16, nyembamba na isiyo na mbwembwe, ikizama kidogo, ikagusa udongo mgumu ulio chini na kuondoka zake. Mchangani upana una faida. Kwenye tope lenye sakafu ngumu chini, wembamba ndio mali. Aliyelitengeneza gari hakuwa mjinga: anza na saizi yake, na uiache tu ukiwa na sababu unayoweza kuieleza mbele ya fundi bila kutaja harusi ya mtu.

Kashata nazo zina mambo. Zile kubwa zenye nafasi pana zinatema tope vizuri, lakini gari lako linashinda wapi? Kama unashinda kwenye lami, Korogwe kwenda Segera na Tanga, au Handeni, na Mashewa unakwenda mara moja moja, kashata hizo zitaisha mapema, zitakupigia kelele njia nzima, na kwenye lami iliyolowa zitachelewa kusimama. Kwa gari la namna hiyo kashata za kati zinatosha. Anayeshinda kwenye vumbi na tope kila siku, huyo achukue kubwa, na akifika lamini mvua ikinyesha apunguze mwendo.

Kuhusu waya na nailoni: ile herufi R katika 7.50R16 inamaanisha tairi la waya. Ukiona 7.50-16, kistari bila R, ni nailoni. Nailoni lina ubavu mnene unaostahimili visiki na mawe, lakini kwa safari ndefu yenye mzigo linachemka zaidi. Ukishachagua, funga aina moja gari zima. Na kwa gari la kuvuta miguu yote minne, vimo vya matairi vilingane, la sivyo ukiingiza gia ya kuvuta mbele na nyuma, giaboksi ndiyo itakayolipia tofauti.

Sasa tafuta umri. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwishoni mwa mstari wake tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, na upande huo kwa bahati ya ajabu huwa umeelekezwa ukutani. Omba tairi ligeuzwe. Watengenezaji kama Michelin na Continental wanaweka miaka 10 kuwa mwisho, hata kama kashata bado ni nzima. Kwa hiyo mtu akikuletea General Tyre ya Arusha akasema haijawahi kutumika, kumbuka kiwanda kile kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Yana iliyotengenezwa Nairobi nayo haiwezi kuwa changa, maana kampuni ya Sameer iliacha kuyatengeneza pale mwaka 2016. Yalikuwa matairi ya heshima. Heshima hiyo yapewe yakiwa yamepumzika.

Tairi la mtumba likague kwa kidole na tochi. Bonyeza ubavu kwa nguvu karibu na shina la kashata, mpira ujikunje, utazame kwenye mkunjo. Nyufa ndogo kama nywele zikijitokeza, lirudishe, hata likiwa linameta: rangi nyeusi ya kung'arishia inauzwa kila mahali. Kisha mulika ndani utafute viraka na uvimbe. Na lile lililochongwa kashata upya kwa kisu cha moto usilipokee hata bure. Mchongaji hatengenezi mpira. Anaupunguza ule mchache uliobaki juu ya waya, na juani, chini ya mzigo, linapasuka. Aliyekaa juu ya magunia hana mkanda wa kujishikiza. Huyo ni mtoto wa mtu, na amelipa nauli.

Siku ya kufunga, kama rimu zako ni za ringi, simama mbali na umtoe kila mtu aliyekuja kushangaa. Ringi yenye kutu isiyokaa sawasawa inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo, na inaua. Fundi atoe upepo wote kabla ya kufungua, apige brashi ya waya, apitishe mnyororo kwenye rimu kabla ya kujaza, na ajazie kwa mpira mrefu, si akiwa ameiinamia. Akikwambia amefanya kazi hiyo miaka mingi bila mnyororo, mpongeze, kisha umpe mnyororo.

Tubu iwe mpya, na kama tairi ni la waya, iwe tubu ya tairi la waya. Upepo upimwe kwa geji, tairi likiwa baridi, si kwa teke. Spea nayo iwe ya saizi na uzito uleule, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokutoa gari likiwa limejaa. Ukiondoka Korogwe, simama Magoma ukaze nati za magurudumu yote, kisha uzikaze tena ukifika Mashewa kabla hujaruhusu mtu apakie gunia.